EACJ au njia ya Banjul: kumchagulia mteja mlango kabla muda haujaisha

Mteja aliyekata tamaa na mahakama za nyumbani husema, "Wakili, twende Arusha." Anamaanisha mahakama fulani kubwa iliyo juu ya serikali. Hajui kwamba Arusha zipo mbili zinazoweza kumhusu. Moja ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo wengi wetu tunaiita EACJ, chombo cha Jumuiya ya nchi nane. Nyingine ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo cha Umoja wa Afrika. Masharti yao hayafanani hata kidogo, na miaka ya karibuni yamebadilika kiasi kwamba ushauri sahihi wa mwaka 2015 ukifuatwa leo unaweza kumpotezea mteja kesi nzima.

Ninalosisitiza ni kwamba uchaguzi ufanyike siku ya kwanza mteja anapoketi mbele yako na bahasha yake ya nyaraka. Njia hizi mbili zinadai mambo yanayopingana. EACJ inakutaka ukimbie: una miezi miwili tu. Njia ya Umoja wa Afrika, ambayo sasa inapitia Banjul, inakutaka utulie, umalize kwanza nafuu zote za ndani, yaani mashauri na rufaa za nchini mwako, mpaka ngazi ya mwisho. Wakili anayefuata ya pili kwa nia njema, akiamini kwamba ya kwanza itamsubiri, hugundua baadaye kwamba haikumsubiri.

Mlango wa moja kwa moja haupo tena

Tuanze na lililobadilika zaidi. Mahakama ya Afrika iliundwa kwa Itifaki ya mwaka 1998 iliyoanza kutumika tarehe 25 Januari 2004. Kuridhia Itifaki peke yake hakumpi raia haki ya kufungua shauri. Ibara ya 34(6) inataka nchi iweke tamko maalumu la kukubali kushtakiwa na mtu binafsi au asasi. Tanzania iliweka tamko hilo mwaka 2010, na kwa miaka kumi ikawa nchi yenye mashauri mengi kuliko zote mbele ya mahakama hiyo, mengi yakiwa ya wafungwa walioandika maombi yao wakiwa gerezani.

Tarehe 21 Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko. Mahakama iliamua, katika shauri la Andrew Ambrose Cheusi la mwaka 2020, kwamba kujitoa huko kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja, yaani 22 Novemba 2020, na hakugusi mashauri yaliyokwisha funguliwa. Ndiyo maana hukumu dhidi ya Tanzania zimeendelea kutoka baada ya tarehe hiyo, na ndiyo maana wateja wanasoma habari zake na kudhani mlango uko wazi. Hauko wazi kwa shauri jipya. Rwanda ilitangulia kujitoa mwaka 2016. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo hazijawahi kuweka tamko. Kwa hiyo leo hakuna mkazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anayeweza kuishtaki serikali yake moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika.

Kinachobaki ni kupitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia. Tume inapokea malalamiko dhidi ya nchi yoyote iliyoridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu (hapa chini, Mkataba wa Afrika), tamko au bila tamko, na ikiona inafaa inaweza yenyewe kulipeleka shauri Mahakama ya Afrika dhidi ya nchi iliyoridhia Itifaki. Tanzania na Kenya bado zimo kwenye Itifaki. Kwa hiyo ukisikia wakili mwenzako anasema "Mahakama ya Afrika imekufa kwetu", mrekebishe kwa upole: haijafa, imehamia nyuma ya mlango wa Banjul, na mwenye ufunguo ni Tume.

Miezi miwili ya EACJ

Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 30, unamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kupinga uhalali wa sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au cha taasisi ya Jumuiya. Ibara ndogo ya pili ndiyo iliyoua mashauri mengi: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu sheria ilipotungwa, agizo lilipochapishwa au kitendo kilipofanyika, na pale ambapo haya hayapo, tangu siku mlalamikaji alipopata kujua.

Sharti hili halikuwepo mwanzoni. Liliingizwa, pamoja na Divisheni ya Rufaa ya mahakama hiyo, na marekebisho ya Mkataba yaliyofuata shauri la Anyang' Nyong'o la mwaka 2006 kuhusu uteuzi wa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki. Tangu hapo mahakama imelitafsiri kwa ukali. Katika shauri la IMLU, asasi ya Kenya, kuhusu mateso ya Mlima Elgon, Divisheni ya Awali ilikuwa tayari kukubali kwamba ukiukwaji ulikuwa unaendelea. Mwaka 2012 Divisheni ya Rufaa ilikataa: Mkataba hauna kipengele cha ukiukwaji unaoendelea, wala hauipi mahakama mamlaka ya kuongeza muda. Hakuna maombi ya kuongezewa muda, wala kiapo cha kueleza sababu za kuchelewa kama tulivyozoea Mahakama Kuu. Likichelewa limekufa.

Anayetaka kuona uzito wake aangalie shauri la bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, EACOP, lenye urefu wa kilometa 1,443. Asasi nne zilifungua Shauri Namba 39 la 2020 mnamo Novemba 2020, zikitaja mazingira, ardhi na haki za watu walio kwenye njia ya bomba. Tarehe 29 Novemba 2023 Divisheni ya Awali ililiondoa kwa sababu ya muda: walalamikaji walipaswa kufungua tangu mwaka 2017, makubaliano kati ya serikali za Uganda na Tanzania yalipotiwa saini. Miaka mitatu ya kazi, mashahidi wa vijijini, wataalamu wa mazingira, na hoja ya msingi haikuguswa. Inauma, kwa sababu mwaka 2017 mkulima wa Hoima au wa Tanga alikuwa bado hajaona hata alama ya rangi kwenye mwembe wake. Lakini ndivyo ibara inavyosomwa, na mteja wako hatapona kwa uchungu wetu.

Kwa mradi mkubwa, basi, usihesabu kuanzia siku trekta lilipoingia shambani. Hesabu kuanzia karatasi ya kwanza ya hadharani iliyofanya trekta lije: makubaliano, tangazo la Gazeti la Serikali, kibali. Kama karatasi ile imepita miezi miwili, tafuta uamuzi mpya, tofauti na unaojitegemea, ambao unaweza kuushambulia peke yake: notisi mpya ya kuhama, kanuni mpya, kibali kilichohuishwa. Na uushambulie huo kweli. Ukiandika madai yote kuhusu uamuzi wa zamani, Mwanasheria Mkuu wa Serikali atakurudisha kulekule kwa pingamizi la awali.

Chukua mfano wa notisi. Mteja anakuletea karatasi ya halmashauri iliyobandikwa mlangoni tarehe 3 Machi. Kabla hujauliza kingine, andika juu ya jalada: "3 Machi – EACJ mwisho 2 Mei." Ukiingia kwenye ubishi wa kama siku ya kwanza inahesabiwa au haihesabiwi, umeshajitafutia pingamizi bure. Piga picha ya ile notisi ikiwa bado mlangoni, chukua maelezo ya aliyeiona kwanza, uliza kama mwenyekiti wa mtaa alipewa barua mapema zaidi. Barua ile ya mwenyekiti ndiyo itakayotokea kwenye kiapo cha upande wa pili kuonyesha kwamba mlijua tangu Januari.

Waliowahi wanafaidika. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ilisainiwa Novemba 2016. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walikuwa mahakamani Januari 2017. Tarehe 28 Machi 2019 walipata hukumu kwamba vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Vivyo hivyo kwa Sheria ya Vyama vya Siasa: viongozi wa upinzani walifungua Shauri Namba 3 la 2019, na hukumu ya 25 Machi 2022 ikawapa ushindi. Mashauri ya kupinga sheria mpya ndiyo yanayoiva vizuri EACJ, kwa sababu tarehe iko wazi na ushahidi ni maandishi ya sheria yenyewe.

Nani asimame, na aandike nini

Hapa EACJ inapendeza. Inataka uwe mkazi wa nchi mwanachama, basi. Haikuulizi kama wewe binafsi umeumia. Kwa wakili wa Tanzania hilo limekuwa na uzito, maana marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalimtaka mlalamikaji wa Mahakama Kuu aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Asasi inaweza kusimama EACJ kwa niaba ya umma bila kutafuta mtu wa kumtanguliza mbele ya dola. Ndugu naye anaweza: Plaxeda Rugumba alifungua Shauri Namba 8 la 2010 dhidi ya Rwanda kwa ajili ya kaka yake aliyekuwa anashikiliwa bila kufikishwa mahakamani, na akashinda, katika divisheni zote mbili. Neno "mkazi" lina upande wa pili, na wateja walioko Muscat, London au Minnesota hawalifurahii. Mtanzania anayeishi nje ambaye shamba lake la Kigamboni limechukuliwa asimamishe ndugu au asasi iliyoko nyumbani.

Wakili mwenye haki ya kusimama mbele ya mahakama za ngazi ya juu za nchi yoyote mwanachama anaweza kusimama EACJ, kwa hiyo wakili wa Mombasa anaweza kumwakilisha mteja wa Bujumbura bila kibali cha ziada.

Kinachowaangusha wengi ni uandishi. Ibara ya 27(2) ilisema mamlaka ya EACJ kuhusu haki za binadamu yataongezwa baadaye kwa itifaki, na itifaki hiyo haijakamilika. Kwa hiyo ukiandika hati yako kana kwamba uko mbele ya mahakama ya haki za binadamu, unamkabidhi mpinzani pingamizi. Tangu shauri la Katabazi la mwaka 2007, mahakama imeshikilia kwamba haitaacha kazi yake ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu shauri limetaja haki za binadamu. Hiyo ndiyo nafasi yako. Dai lako liwe kwamba nchi imevunja ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba wa Jumuiya, yaani misingi ya utawala bora, utawala wa sheria na kulinda haki kwa mujibu wa Mkataba wa Afrika. Haki iliyovunjwa ni ushahidi wa kuvunjwa kwa ibara hizo. Ibara ndizo zinazobeba dai.

Banjul ni kinyume. Kule unataja haki yenyewe, ibara kwa ibara, kwa kutumia Mkataba wa Afrika, na huhitaji kupita kichochoro cha utawala bora. Unapata pia haki ambazo EACJ huzigusa kwa mbali: ardhi ya jamii, utamaduni, maendeleo ya watu.

Banjul: subira yenye masharti

Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika ina masharti saba, na nitapita haraka kwenye yaliyo mepesi: jina la mlalamikaji, lugha isiyo ya matusi, malalamiko yasiyotegemea habari za magazeti peke yake. Ugumu uko kwenye nafuu za ndani. Umalize rufaa zote, isipokuwa uonyeshe kwamba utaratibu umerefushwa kupita kiasi au nafuu yenyewe ni ya jina tu. Wakili wa Tanzania ashike shauri la Alex Thomas la 20 Novemba 2015: Mahakama ya Afrika ilisema shauri la kikatiba Mahakama Kuu na maombi ya marejeo Mahakama ya Rufani ni nafuu za ziada, na mfungwa aliyefika Mahakama ya Rufani amemaliza. Ni uamuzi wa Mahakama, lakini ni hoja nzuri ya kuiwekea Tume mezani.

Kuhusu muda, Mkataba unasema "muda wa kuridhisha" bila kutaja idadi. Mahakama ya Afrika imekuwa na huruma kwa mfungwa asiye na wakili wala fedha. Tume imekuwa kali zaidi: katika shauri la Majuru dhidi ya Zimbabwe ilitazama miezi sita kama kipimo na kuona miezi 22 imepita kiasi. Mimi ningemwambia mteja miezi sita tangu hukumu ya mwisho, na ningeichukulia kama sheria.

Subira yenyewe ni ndefu. Jamii ya Ogiek wa Msitu wa Mau walipewa notisi ya siku 30 mwezi Oktoba 2009. Malalamiko yakafika Banjul mwezi uliofuata, Tume ikatoa amri ya muda, Kenya haikuitekeleza, na mwaka 2012 Tume ikalipeleka shauri Mahakama ya Afrika. Hukumu ilitoka 26 Mei 2017. Ya fidia ilitoka 23 Juni 2022. Watoto waliokuwa darasa la kwanza notisi ilipobandikwa walikuwa watu wazima. Sisemi hivi kuwakatisha tamaa, kwa sababu angalia walichopata: mahakama iliwatambua kuwa watu wa asili wenye haki ya ardhi ya mababu, ikaamuru walipwe Sh 57,850,000 za Kenya kwa hasara ya mali na Sh 100,000,000 kwa madhara mengine, na ikaamuru ardhi yao ipimwe na wapewe hati. Hakuna hukumu ya EACJ iliyofika hapo kuhusu ardhi ya jamii.

Linganisha na wanavijiji wa Ololosokwan na wenzao wa Loliondo, waliochagua EACJ mwaka 2017. Walipata zuio tarehe 25 Septemba 2018, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini tarehe 30 Septemba 2022 shauri lilitupwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha kwamba nyumba zilibomolewa ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 Divisheni ya Rufaa ikaifuta hukumu hiyo na kurudisha shauri lisikilizwe upya. Somo la wakili wa ardhi ni la ushahidi: ramani, vipimo vya satelaiti na mpimaji mwenye sifa viandaliwe kabla ya kufungua, ndani ya ile miezi miwili, si baada yake. Kwa jamii zisizo na fedha za mpimaji, hiyo ni kazi nzito mno, na hapo ndipo asasi zinatakiwa kuingia mapema.

Unachotoka nacho mkononi

EACJ kwa kawaida inatoa tamko kwamba nchi imekiuka Mkataba, na mara nyingine amri ya kurekebisha. Fidia ipo lakini ni haba. Martha Karua alipewa dola 25,000 za Marekani tarehe 30 Novemba 2020 dhidi ya Kenya, na bado ni moja ya mifano inayotajwa zaidi. Nguvu ya EACJ iko kwenye ibara ya 44: amri ya kulipa fedha inakazwa kwa kanuni za mwenendo wa madai za nchi husika, kwa hiyo unarudi nyumbani na hukumu yako kama mdai mwingine yeyote. Ibara ya 38 inailazimu nchi kutekeleza bila kuchelewa. Zuio la EACJ nalo hupatikana kwa haraka kuliko Banjul, na kwa mteja anayebomolewa nyumba au kufungiwa gazeti, wiki moja ya zuio ina thamani kuliko tamko la baada ya miaka minne.

Mahakama ya Afrika inatoa amri nzito zaidi: kurekebisha katiba, kufuta adhabu, kulipa fidia kwa familia. Katika Ally Rajabu na wenzake, 28 Novemba 2019, iliamuru Tanzania iondoe adhabu ya kifo ya lazima. Katika Jebra Kambole, 15 Julai 2020, ilisema ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania, inayozuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais, inakiuka Mkataba wa Afrika. Lakini usimamizi wa utekelezaji uko kwa Baraza la Mawaziri la Umoja wa Afrika, na mteja wako hana la kukazia mahakamani. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda tarehe 14 Juni 2013 kuhusu mgombea binafsi. Alifariki mwaka 2015, na uchaguzi mkuu wa mwaka 2025 umefanyika bila mgombea binafsi.

Hilo mwambie mteja kabla hajasaini hati ya uwakilishi. Wapo wanaotaka hukumu ili wapate ardhi, na wapo wanaotaka hukumu ili historia iandike kwamba walionewa. Wote wana haki, lakini hawapaswi kupewa ushauri mmoja.

Gharama: Mahakama ya Afrika haitozi ada ya kufungua, na Itifaki inaruhusu msaada wa kisheria bila malipo pale haki inapohitaji. EACJ ina ada, na gharama za shauri hufuata mshindi isipokuwa mahakama iamue vinginevyo. Katika mashauri ya maslahi ya umma mara nyingi imeacha kila upande ubebe zake. Usimhakikishie mteja hilo kwa maandishi.

Daraja kati ya njia mbili

Kuna namna moja ya kutochagua, na ni muhimu kuielewa vizuri. Mahakama za nyumbani ni chombo cha dola. Hukumu yao ya mwisho, ikiwa yenyewe imevunja Mkataba wa Jumuiya, ni kitendo kipya cha nchi mwanachama na kina miezi miwili yake. Karua alipita hapo. Shauri lake la kupinga matokeo ya ugavana wa Kirinyaga ya mwaka 2017 lilizungushwa kati ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, muda wa miezi sita wa kusikilizwa ukapita, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikaamua mwaka 2019 kwamba hakuna kilichobaki kusikilizwa. Alikwenda Arusha akiilalamikia hukumu hiyo, ndani ya muda, na EACJ ikaona alinyimwa haki ya kusikilizwa.

Daraja hili ni jembamba. EACJ si mahakama ya rufaa juu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania wala Mahakama ya Juu ya Kenya. Ukirudia hoja zile zile za ndani ukisema majaji walikosea sheria, utaondolewa. Dai liwe kwamba mwenendo wa mahakama wenyewe ulikiuka haki ya kusikilizwa, usawa au utawala wa sheria kwa kiwango cha kuvunja Mkataba. Mahakama yenyewe ilikubali katika shauri la Manariyo Desire dhidi ya Burundi, mwaka 2018, kwamba dola inaweza kuwajibika kwa matendo ya mahakama zake, lakini mzigo wa kuthibitisha ni mzito.

Uzuri ni kwamba hukumu hiyohiyo ya mwisho ndiyo inayokufungulia Banjul, maana umemaliza nafuu za ndani. Siku ile inaposomwa, hesabu mbili za muda zinaanza pamoja: miezi miwili ya Arusha, miezi sita ya kujiwekea ya Banjul. Chagua moja kwa jambo moja. Ibara ya 56(7) inaizuia Tume kusikiliza jambo lililokwisha amuliwa kwa misingi ya Mkataba wa Afrika, na hukumu ya EACJ iliyojengwa juu ya Mkataba huo itatumiwa dhidi yako.

Kwa mteja yupi

Sheria au kanuni mpya inayobana vyombo vya habari, vyama, asasi au wafanyabiashara: EACJ, na uanze kuandika siku muswada unaposomwa mara ya tatu, maana ukisubiri kuiona kwenye Gazeti la Serikali umeshatumia muda wa utafiti. Unaweza kuendelea na shauri la kikatiba nyumbani sambamba, kwa sababu EACJ haidai umalize nafuu za ndani.

Mtu anayeshikiliwa bila mashtaka, au nyumba zinazobomolewa leo: Mahakama Kuu kwanza, leo hii, kwa sababu ndiyo inayoweza kumwita mkuu wa polisi kesho asubuhi. EACJ ifuate ndani ya muda, pamoja na maombi ya zuio.

Jamii inayodai ardhi ya mababu, yenye historia ya miaka mingi ya kuondolewa: EACJ itakuuliza tarehe, na tarehe yako ni ya mwaka 1978. Nenda Banjul, ukiomba waziwazi kwamba Tume ilipeleke shauri Mahakama ya Afrika, na ujipange kwa miaka kumi.

Mfungwa aliyemaliza rufaa: zamani alikuwa anaandika mwenyewe kwenda Mahakama ya Afrika. Sasa anahitaji wakili wa kumwandikia Tume, na hili ndilo eneo ambalo kujitoa kwa mwaka 2019 kumewaumiza wasio na sauti kuliko wote. Vyama vya mawakili vikitafuta mahali pa kuweka siku za msaada wa kisheria, gerezani kuna majalada ya kutosha. Wakili wa Uganda au wa Kongo ana mlango wa ziada, kwa kuwa nchi hizo zimekubali malalamiko binafsi mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Geneva. Kenya na Tanzania hazijakubali.

Na kama mwathirika ni mtoto, usiiache Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Haidai tamko la ibara ya 34(6). Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walifungua malalamiko mwaka 2019 kuhusu wasichana wa Tanzania waliofukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito. Serikali iliondoa zuio la kurudi shule Novemba 2021 shauri likiwa bado linasikilizwa, na mwaka 2022 Kamati ikatoa uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa, na wanasheria wa elimu wanautumia hadi leo kudai kanuni ziandikwe upya.